Mita ya Njia Moja Inatosha Kuchajia Gari

Wanunuzi wengi wa gari la umeme huanza kwa kuuliza chaja ipi ina kasi kubwa. Muuzaji huwaonyesha ya kilowati 7, ya kutundika ukutani, nao hulipa. Fundi akija nyumbani hufungua meinswichi, husoma mita, kisha husema umeme huu haubebi chaja hiyo, ombeni njia tatu. Wapo wanaoingia gharama hiyo bila kuhoji, na wapo wanaokata tamaa wakaliona gari lenyewe ndilo kosa. Wote wameanzia mwisho.

Nawaandikia wenye nyumba za kawaida za Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma: mita ya LUKU ya njia moja, friji, pampu ya maji, pengine viyoyozi viwili, na gari dogo lililotumika Japani ambalo liko njiani kuja au limeshaegeshwa uani. Msimamo wangu ni kwamba katika nyumba nyingi za namna hiyo umeme uliopo unatosha, ilimradi gari lichajiwe polepole, usiku, kwa waya wake peke yake na kwa ethi iliyopimwa. Fedha unayotaka kuitumia kwenye kasi itumie kwenye waya na ethi.

Anza na kilomita zako. Gari dogo kama Nissan Leaf hutumia takriban uniti 15 kwa kilomita 100, likizidi kidogo ukiwa kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa. Mtu anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi hutembea kama kilomita 50. Hizo ni uniti saba na nusu, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, mita yako itahesabu karibu tisa. Sasa chukua mkondo wa ampea 10 tu. Kwa umeme wetu wa volti 230 huo ni kilowati 2.3. Uniti tisa zitaingia kwa saa nne hivi. Ukichomeka gari saa nne usiku, saa nane za usiku wa manane betri imeshapata ilichotumia mchana, na bado kuna saa nne kabla hujaamka. Likiendelea mpaka saa kumi na mbili asubuhi, gari litakuwa limepata umeme wa kwenda zaidi ya kilomita 100.

Kilowati 7 zingefanya kazi hiyohiyo kwa saa moja na robo, kisha gari lingebaki limesimama mpaka asubuhi. Tena Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazipokei hata nusu ya umeme huo. Chaja halisi imo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku cha ukutani hupitisha umeme tu na kuliambia gari kiasi gani linaruhusiwa kuvuta. Ikiwa gari lako linapokea kilowati 3, basi hata ukilipachika kwenye kisanduku cha kilowati 7 litavuta 3. Kabla hujanunua kifaa chochote, tafuta jibu la swali hilo moja: gari langu linapokea kiasi gani cha umeme wa nyumbani?

Uliza pia kuhusu tundu la kuchajia. Gari la Japani lina tundu la Type 1 lenye pini tano kwa umeme wa nyumbani, na jingine kubwa la CHAdeMO kwa vituo vya kasi. Gari la Ulaya huja na Type 2. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na mfumo wa GB/T, ambao kwa umbo unafanana na Type 2 lakini haviingiliani. Watu wamenunua chaja nzuri isiyoingia kwenye gari lao.

Baada ya kilomita, njoo kwenye nyumba. Mita nyingi za njia moja zina maandishi usoni ya namna hii: 5(60)A. Namba iliyo ndani ya mabano ndiyo mkondo wa juu ambao mita imetengenezwa kuubeba. Soma yako. Kisha soma sakiti breka kuu ndani ya meinswichi, kwa maana inaweza kuwa ndogo kuliko mita. Tazama na waya unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani: nyumba za zamani zimeongezewa vyumba, viyoyozi na hita, huku waya wa nguzo ukibaki uleule. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kikomo chako, hata kama kilichobaki chote ni kikubwa.

Tuseme kikomo chako ni ampea 60. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,500 huvuta ampea 24. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta karibu 9, na jiko la bamba mbili vivyo hivyo. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani ni kama 5. Pampu ya maji ya nguvu-farasi moja huvuta takriban 5 ikiwa inakwenda, ila inapoanza huchukua mara kadhaa ya hapo kwa nukta chache. Saa moja jioni, mtu anaoga, chakula kiko jikoni, viyoyozi viwili vinafanya kazi na pampu imewaka: umeshafika 48 hivi kabla hujagusa gari. Ongeza chaja ya ampea 32 na unafika 80. Hiyo ndiyo nyumba ambayo fundi aliikataa, na kwa hesabu hiyo alikuwa na haki.

Lakini rudi saa tano usiku. Hita imezimwa, jiko limezimwa. Kuna viyoyozi viwili, friji, feni na taa za nje: ampea 12 au 13. Gari likivuta 10, jumla ni 23. Likivuta 16, ni 29. Nyumba ileile, mita ileile, inatumia chini ya nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo kuchajia usiku ni sehemu ya mpango wa umeme wa nyumba, na mpango huo usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Leaf ina saa ya kuchajia ndani yake. Unaipanga mara moja ianze saa nne au saa tano usiku, na unaweza kuchomeka waya ukirudi kazini bila umeme kuanza kuvutwa. Magari ya Japani huja na maandishi ya Kijapani kwenye skrini, hivyo mtake aliyekuuzia akuonyeshe ukurasa huo kabla hujamaliza kulipa. Gari lisilo na saa hiyo linaweza kupewa swichi ya saa kwenye meinswichi, mradi iwe ya kubeba mkondo wa chaja kwa muda mrefu. Zile ndogo za kuchomeka kwenye soketi hazifai.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, yaani ule waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani. Umetengenezwa kwa nyumba za Wajapani, ambako sakiti ya kuchajia gari huwa ya volti 200, na nyaya nyingi za aina hiyo huvuta hadi ampea 15. Ukifika hapa, plagi yake ya Kijapani haiingii kwenye soketi zetu. Mtu huikata, akafunga plagi ya pini tatu ya ampea 13, na siku ya kwanza kila kitu kinaonekana sawa. Lakini plagi ile ina fyuzi ya 13, na sasa inaombwa kubeba 15 kwa saa tano mfululizo. Birika huvuta mkondo mkubwa kwa dakika tatu au nne, kisha soketi hupoa. Gari haliipi soketi nafasi ya kupoa. Joto hujijenga kwenye skurubu zilizolegea, kwenye pini, kwenye fyuzi; plastiki inabadilika rangi, inalainika, na moto wa nyumba huanzia hapo usiku watu wamelala. Fyuzi ikikatika una bahati. Wengine huiondoa na kuweka kipande cha waya. Hilo halifai kufanywa hata kwa usiku mmoja.

Vilevile waya huo uliandikwa volti 200 nasi tuna 230, na jioni nyingine zaidi. Geuza kisanduku chake usome. Kama hakijaandikwa kwamba kinapokea hadi volti 240, nunua kingine kilichotengenezwa kwa umeme wa huku, hasa chenye kitufe cha kuchagua mkondo: 6, 8, 10, 13, 16. Kitufe hicho ni chombo chako kikubwa kuliko programu yoyote ya simu. Kwa nyumba yenye umeme mchache ningependekeza ampea 10. Ukishuka mpaka 6 bado utapata kama kilomita 60 kwa usiku mmoja, ila gari hutumia umeme fulani kujiendesha lenyewe wakati wote linapochaji, kwa hiyo mkondo mdogo mno hurefusha muda na kuongeza upotevu.

Badala ya soketi ya kawaida, mtake fundi afunge soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, ile ya pini nene za mviringo na kifuniko. Imetengenezwa kubeba mkondo wake kwa saa nyingi na haiogopi mvua. Iwe na waya wake peke yake kutoka meinswichi, na breka yake peke yake. Isiungwe kwenye mzunguko wa soketi za sebuleni, maana hujui ni soketi ngapi zimeungwa mbele yake wala zimekazwa namna gani. Waya wa milimita za mraba 2.5 unaotumika kwenye soketi za nyumba unaweza kubeba ampea 16, lakini kama gari linalala mita 30 kutoka meinswichi, volti zaidi ya 8 zitapotelea njiani. Ukitumia wa 4 zitapotea 5 tu. Tofauti ya bei ya waya huo ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari, na siku ukitaka kuongeza mkondo hutavunja ukuta tena. Waya upite kwenye bomba, na kama unapita chini ya ardhi uzikwe kwa kina ambacho jembe halifiki.

Ekstensheni ya kujiviringisha iondoe kabisa kwenye mawazo yako. Ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea, na ikinyooshwa uani gari la mgeni litapita juu yake.

Ethi ndiyo inayosahaulika zaidi. Nyumba nyingi zina fimbo ya ethi iliyopigwa chini siku nyumba ilipounganishwa na umeme, na tangu siku hiyo hakuna aliyeipima. Udongo ukikauka kiangazi, uwezo wake wa kupokea umeme hushuka. Kibanio kilichoshika kutu huumaliza. Gari ni bati kubwa lililosimama juu ya matairi ya mpira, na mtu hulishika mlango akiwa amekanyaga ardhi yenye unyevu. Hitilafu ikitokea, umeme utafute njia ya ethi kabla ya kuipata njia ya mwili wa mtu. Ndiyo maana visanduku vingi vya kuchajia hukataa kufanya kazi visipoiona ethi: taa nyekundu inawaka na gari halichaji. Wapo mafundi wanaojibu taa hiyo kwa kuunganisha waya wa ethi na nyutro ndani ya plagi. Kisanduku kinadanganyika na gari linachaji. Siku nyutro itakapokatika, bodi yote ya gari itakuwa na umeme hai. Ukimwona fundi anafanya hivyo nyumbani kwako, msimamishe kazi palepale, hata kama ni ndugu.

Taa nyekundu inamaanisha fimbo ipimwe kwa kipima ethi. Ikishindwa, iongezwe ya pili au ipigwe ndefu zaidi mahali penye unyevu. Miongozo ya Uingereza, ambayo imeathiri sana ufundi umeme wa Afrika Mashariki, huichukulia ethi inayozidi ohm 200 kuwa si ya kutegemewa; fundi mzuri atashuka chini zaidi ya hapo. Pamoja na ethi kuwe na kinga ya umeme unaovuja, ile ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampea 30, kwa ajili ya sakiti ya gari peke yake. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. RCD ya bei rahisi, iliyoandikwa aina ya AC, hupofushwa na umeme wa DC, na betri ya gari ni ya umeme huohuo wa DC. Hitilafu ndani ya gari inaweza kuifanya isikate siku inapotakiwa kukata. Nunua ya aina ya A na uhakikishe kisanduku cha kuchajia kina kitambuzi chake cha DC cha miliampea 6. Kama hakina, RCD iwe ya aina ya B, ingawa ni ghali.

Kazi yote hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe. Anayestahili hataona umemtukana.

Kama una familia kubwa na hita hazina saa maalumu, ipo chaja ya ukutani inayojipunguza yenyewe. Kitambuzi chake hubanwa kwenye waya mkuu unaoingia nyumbani na kusoma mkondo wote wa nyumba. Mtu akiwasha hita, chaja huliambia gari lipunguze. Akizima, huliruhusu kuongeza. Mkondo mdogo kabisa unaoruhusiwa na kanuni za kimataifa za chaja hizi ni ampea 6, na nafasi ikiwa chini ya hapo, kuchaji husimama mpaka nafasi ipatikane. Chaja hiyo ina maana kwa mwenye gari linalopokea kilowati 6 au 7 na safari ndefu za kila siku. Mwambie fundi aweke kikomo chini ya uwezo wa breka kuu, tuseme 50 kwa breka ya 60. Kwa anayetembea kilomita 40 au 50, saa ya kuchajia na ampea 10 humtosha.

Kwa wapangaji, shida huwa ni watu zaidi ya umeme. Nyumba moja ina LUKU moja na familia nne zinazochangishana. Gari likianza kula uniti 200 na zaidi kwa mwezi, ugomvi utafika kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Zungumza na mwenye nyumba mapema, funga mita ndogo kwenye sakiti ya gari, na ulipe unachosoma humo mbele ya kila mtu. Jambo jingine la kuangalia ni kundi la bei. Wateja wa kundi la D1 hununua uniti kwa shilingi 100, lakini mpaka 75 tu kwa mwezi. Gari litawatoa kwenye kundi hilo, na bei ya kundi la T1 ni takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Kwa bei hiyo zile kilomita 50 za kwenda na kurudi zinagharimu kama shilingi 3,200, fedha isiyonunua hata lita mbili za petroli. Mwenye gari bado anapata faida kubwa. Jirani anayetumia taa na feni tu asilipie faida hiyo.

Wenzetu wa Kenya wana nafuu ambayo ningependa kuiona hapa. Tangu mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, imeweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Bei ya namna hiyo inamsukuma mtu achaji wakati transfoma ya mtaa imepumzika. Kwetu bei ya usiku na mchana ni moja, lakini transfoma ni ileile, na mtaa ambao taa hufifia kila jioni utafifia zaidi ukichaji saa moja usiku.

Umeme ukikatika, magari mengi huendelea kuchaji yenyewe ukirudi. Unaporudi mara nyingi huja na msukosuko wa volti, kwa hiyo kinga ya msukosuko iwekwe kwenye meinswichi kwa nyumba nzima. Jenereta ndogo ya petroli haifai: nyutro yake mara nyingi haijaunganishwa na ethi, na kisanduku kitakataa, kwa haki kabisa. Wenye bajaji na pikipiki za umeme wana kazi nyepesi, kwa sababu chaja zao kwa kawaida hazifiki hata kilowati moja na soketi nzima iliyokazwa vizuri huzibeba. Wanachotakiwa ni kutoiweka betri ya lithiamu ikichaji sebuleni au mlangoni, mahali watu watakapotakiwa kupita wakikimbia.

Njia tatu iombwe na nani? Na mwenye magari mawili, au gari linalokula kilomita 150 kila siku, au anayejenga nyumba mpya na bado hajafunga waya. Ajue tu kwamba gari lenye chaja ya ndani ya njia moja halitachaji kwa kasi zaidi kwa kuwekewa njia tatu. Litavuta kwenye njia moja kati ya hizo, na faida itakuwa ni kuzigawanya hita na viyoyozi kwenye njia nyingine mbili.

Wengine wote, fungeni sakiti ya ampea 16, muanze na mkondo wa 10, mwishowe mkitaka mwongeze. Wiki ya kwanza, kila baada ya saa moja ya kuchaji, shika plagi na mwili wa breka kwa nje kwa mgongo wa mkono mkavu. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, zima, umwite fundi akaze viungo na kupima upya, na gari lisichomekwe tena mpaka sababu ya joto hilo ijulikane.